Mchora Mbwa Wakali Aliyeogopa Mbwa

Wasikilizaji wapendwa, mkisikia ngazi ikiburutwa nyuma ya sauti yangu, msianze kuzipiga redio zenu makofi. Redio zenu ni nzima. Ngazi hiyo iko hapa nje, kwenye geti la kituo chetu, na juu yake amepanda binti mmoja mwenye brashi mkononi. Asiye mzima ni mimi. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nakaa. Fundi mitambo wangu, huyu hapa nyuma ya kioo, ameshanikata jicho. Mtanivumilia. Leo kiti hiki kina miiba.

Tunamkumbuka mtu aliyetutoka wiki iliyopita. Alikuwa mchora mabango. Narudia, kwa aliyechelewa kufungua redio: alikuwa mchora mabango wa mji huu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini ukimwita kwa jina hilo hageuki. Mji mzima ulimwita Kiguu na Njia, na kwa hilo aligeuka, akacheka, akaendelea na safari yake.

Kama umewahi kunyolewa chini ya bango lenye kichwa kisicho na shingo, ulikaa chini ya kazi yake. Kama umewahi kusoma "Usikojoe hapa" ukajibana, ulimtii yeye. Na kama ulipokuwa mtoto ulivuka barabara kwa sababu ya mbwa aliyechorwa kwenye geti, mdomo wazi, meno nje, na chini yake maneno MBWA MKALI, basi mbwa huyo alikuwa wake pia. Wote walikuwa wake. Mji huu ulikuwa na mbwa wa rangi wengi kuliko mbwa wenyewe.

Mtu huyohuyo ndiye aliyetunga na kuchora kile kitabu cha watoto, Nani Atakaa Hapa?, kitabu cha mtoto na mbwa. Nakala ya nyumbani kwangu ninayo hapa mezani. Jalada halipo. Lililiwa na mwanangu wa mwisho.

Sasa niwaambie kwa nini situlii. Binti aliye juu ya ngazi ni mjukuu wa marehemu. Geti letu lina mbwa wa babu yake, wa mwisho katika mji huu ambaye bado ana mdomo wazi. Amekuja kummalizia babu yake kazi. Lakini jengo hili si letu, tumepanga, na mwenye jengo ametoa ruhusa ya ajabu. Amesema: chora unachotaka, ila mdomo usiuguse, wala maandishi usiyaguse. Binti akajibu, "Nimekusikia, mzee wangu," akapanda ngazi. Atafanya nini na mdomo asioruhusiwa kuugusa? Sijui. Uso wa geti unatazama barabarani, na dirisha langu linaona mgongo wa geti tu. Ninachokiona ni kitambaa chake cha kichwa kikienda huku na huku juu ya bati.

Haya, tuanze mwanzo.

Kiguu na Njia aliingia kazini kwa mlango wa herufi. Herufi zake zilisimama wima, hazikuegemeana. Picha zilimjia baadaye, tena kwa kulazimishwa. Mteja mmoja alitaka mbwa kwenye geti. Mchoraji wetu hakuwahi kuchora mbwa. Na zaidi ya hapo, wasikilizaji, aliogopa mbwa. Narudia, maana ndiyo habari yenyewe: mchora mbwa wakali aliogopa mbwa.

Jana nilimtembelea mjane wake. Ni fundi cherehani. Nilimkuta na utepe wa kupimia bado shingoni, kama mtu aliyesahau kuuvua tangu msiba uingie. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Mume wangu?" alisema. "Akiona mbwa mbele, anapita kwenye matope. Hata mtoto wa mbwa, wa kubebwa mkononi! Siku zile tunachumbiana, tunatembea, akanibana mkono kwa nguvu, nikadhani mapenzi. Kumbe kulikuwa na mbwa nyuma."

Sasa utamchoraje mnyama usiyeweza kumtazama? Mdomo aliutoa kwenye blanketi la kitandani kwake, lile lenye picha ya simba. Masikio aliyakisia. Macho aliyafinya, kwa sababu macho yaliyo wazi humtazama mchoraji, na yeye hakutaka kutazamwa. Miguu ya nyuma ilimshinda kabisa. Akamkalisha. Ndiyo maana, ukiangalia vizuri, mbwa wakali wote wa mji huu wamekaa kitako. Wanatisha watu wakiwa wamekaa.

Na kila mbwa alimwachia nafasi tupu upande wa kulia. Hii ni desturi ya wachora mabango, kwa sababu mteja hana mwisho. Leo anataka mbwa. Kesho anarudi: "Fundi, niongezee, gari lisiegeshwe hapa." Keshokutwa: "Niongezee, gonga kwa nguvu." Kwa hiyo unamwachia uwanja wake mapema. Wengi waliujaza. Kituo chetu hakikurudi kuongeza neno. Nafasi yetu ilibaki tupu mpaka leo asubuhi.

Ngazi imesogezwa tena. Sekunde moja, wasikilizaji... Bado ni kitambaa tu. Nimekaa.

Jina la Kiguu na Njia halikumwonea. Alikuwa na mguu usiojua kituo. Alianza bango la duka la dawa, akasema rangi ikauke, akaenda kwa kinyozi. Kwa kinyozi alichora sikio moja, akakumbuka kitu kwa muuza viatu. Mtu wa duka la dawa alikaa na bango lililosema DUKA LA DA mpaka wateja wakamwuliza anauza nini. Chakula alikula amesimama. Mjane wake anasema, "Nimeolewa na mgongo. Uso niliuona mara chache. Na usiku akilala, miguu inatembea kitandani. Nilikuwa naamka blanketi liko mlangoni."

Blanketi lile la simba, bila shaka.

Maisha yakaenda hivyo mpaka alipoletwa mjukuu. Binti yao alikuwa muuguzi kwenye mji mwingine, kazi ya zamu, mtoto hana wa kubaki naye. Akamleta kwa babu na bibi. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Mgeni mtaani, hana rafiki hata mmoja. Watoto wa jirani walikuwa na michezo yao na makundi yao yameshajaa. Yeye alikaa kibarazani, amejikunyata pembeni kabisa, kana kwamba anamwekea mtu nafasi.

Na njia ya shule ilipita mbele ya geti la mama mmoja muuza mbao. Geti kubwa, na mbwa mkubwa kuliko wote. Mbwa wa rangi, jamani. Yule mama hakuwa na hata paka. Lakini mtoto hakujua hilo. Siku ya kwanza alilia, bibi akambeba. Siku ya pili alifumba macho akatimua mbio, akajikwaa, magoti yakachubuka. Siku ya tatu akagoma. Hakwenda shule. Kutwa nzima kibarazani.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo, wasikilizaji wapendwa. Mtoto asiyepita geti lile hasomi. Na asiyekwenda shule atampata wapi wa kucheza naye? Kila kitu kilikuwa upande wa pili wa mbwa yule.

Mjane anasimulia. "Babu yake akamwuliza, 'Mjukuu wangu, kwani kuna nini?' Mtoto akasema, 'Babu, aliyemchora yule mbwa ni mtu mbaya.' Mzee alikuwa na kikombe cha chai. Akakiweka chini. Mimi nikajifanya natafuta sindano."

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mtoto angejuaje? Lakini asubuhi yake mzee alikaa kibarazani, ile nafasi ya pembeni, na kukaa kwenyewe kulikuwa habari. Akasema, "Ni mimi niliyemchora."

Mjukuu huyu, huyu aliye nje na brashi, jana aliniambia alichokifanya. "Nilimtazama mikono. Nikaona rangi kwenye kucha. Nikamwambia, basi nenda kamfunge mdomo."

Akaenda. Muuza mbao nilimpata jana kwa simu, tukamrekodi. Msikilizeni, maana mimi siwezi kumwiga.

"Alikuja mbio na brashi, jasho linamtoka, anasema anataka kumfunga mbwa wangu mdomo. Nikamwambia, kaka yangu, mbwa aliyefunga mdomo analinda nini? Mwizi akimwona si atamsalimia? Nikamfukuza. Kwa heshima, lakini nikamfukuza. Angeniambia habari ya mtoto, pengine ningemsikiliza. Hakusema. Yeye alishageuka, anakimbilia geti lingine."

Huyo ndiye yeye. Aliomba kabla hajaeleza. Akazunguka mji mzima hivyo, geti kwa geti, na kila mwenye geti akamjibu hilohilo: mdomo uachwe. Alikuwa amewauzia woga, wameuzoea, hawataki kuurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Akarudi nyumbani na wazo lingine. Kama hawezi kumbadilisha mbwa wa geti, atamchorea mtoto mbwa mwingine, kwenye karatasi, mbwa mpole, amzoee huyo kwanza. Akakaa. Akachora mtoto kibarazani. Akachora mbwa pembeni yake. Na mkono ukamkatalia. Mkono uliozoea meno huchora meno. Kila mbwa aliyetoka alitoka na mdomo kama pango. Alimpelekea rafiki yake mchapaji, mtu wa kadi za harusi na matangazo, naye akaitazama karatasi, akamtazama na yeye. "Ndugu yangu," akasema, "hiki ni kitabu cha watoto au ni onyo la polisi?"

Nyumbani, mjukuu naye akaiona. Aliichukua karatasi, akaigeuza kifudifudi, akaiwekea jiwe juu.

Basi hakukuwa na njia nyingine. Ilibidi mzee amtazame mbwa. Mbwa hai, mwenye pumzi. Na karibu na karakana yake palikuwa na fundi pancha aliyekuwa na mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limevunjika, mbwa asiye na jina wala makuu, aliyelala mchana kutwa katikati ya matairi. Fikirieni, wasikilizaji. Mtu asiyejua kukaa, akakae. Tena akakae karibu na kitu anachokiogopa kuliko vyote.

Fundi pancha huyo bado yupo, na bado anacheka. "Alileta kigoda akakiweka ng'ambo ya barabara," anasema. "Akamchora mbwa wangu akawa kama panya. Nikamwambia, mzee, sogea. Akasogea kidogo. Gari likapita, akapata sababu ya kurudi nyuma. Siku nyingine akajikaza, akanyoosha mkono mtupu. Mbwa anamtazama tu. Nikamwambia, mzee wangu, mkono mtupu haulambwi! Kesho yake akaja na mkate. Akamrushia kwa mbali kwa woga, kama anarusha jiwe. Mbwa wangu naye akadhani ni jiwe kweli, akakimbia. Siku hiyo walikimbiana wote wawili."

Mtoto alikuwa nyumbani tu, haendi shule, kwa hiyo babu akaanza kwenda naye. Fundi pancha anasema mjukuu alijificha nyuma ya babu, na babu akajificha nyuma ya mjukuu, wakawa wanazungukana. Alicheka mpaka akatoboa mpira wa mteja.

Kisha ikaja siku ile. Nisikilizeni vizuri. Walikuwa wameshafika karibu, karibu kabisa, babu kwenye kigoda, mtoto kwenye tairi. Mzee anachora, ulimi nje kwa bidii. Na mbwa, aliyekuwa amekaa kitako mbele yao, akawageukia. Akafinya macho. Akafungua mdomo. Wote. Meno yote nje. Yule wa kwenye geti hasa, sasa ana pumzi.

Kiguu na Njia akafanya anachokijua. Alikimbia. Kigoda kule, penseli kule. Alikimbia, wasikilizaji, akamwacha mtoto pale.

Mtoto alibaki. Aliniambia jana, "Sikubaki kwa ushujaa. Miguu ilikataa tu. Nikauona mdomo ule mzima, mpaka ndani, na ulimi umejikunja. Halafu ukafunga. Halafu akaweka kichwa chini kwenye tairi langu. Na mimi nikajikuta nafungua mdomo vilevile. Nikaelewa. Nikaita, 'Babu! Rudi! Ana usingizi tu!'"

Mzee akarudi. Fundi pancha anasema alirudi polepole, na hakuna aliyewahi kumwona akitembea polepole. Hakujitetea. Alikiokota kigoda, akakiweka upande wa pili wa mbwa, mtoto huku, mbwa katikati, yeye huku. Akakaa mpaka fundi pancha akaanza kuingiza zana zake ndani. "Machozi yalikuwa yanamtoka," anasema fundi. "Nilijifanya nakagua upepo."

Kitabu kikatoka hapo. Mnakijua. Mtoto amekaa kibarazani na pembeni yake pana nafasi. Kila ukurasa anauliza, "Nani atakaa hapa?" Anapita mtu na baiskeli, hana nafasi. Wanapita watoto na mpira, wana haraka. Na nyuma kabisa, ng'ambo ya barabara, mbwa mdogo kama panya. Ukurasa unaofuata mbwa amekuwa mkubwa kidogo. Unaofuata, mkubwa zaidi. Mwanangu wa mwisho, kabla hajala jalada, alikuwa anamwekea kidole: "Anakuja." Mpaka mbwa anafika, mdomo umefungwa, anakaa. Na ukurasa wa mwisho, wasikilizaji, ule usio na neno hata moja: wawili hao wamekaa bega kwa bega, wote midomo wazi, wanapiga miayo. Wazazi, ukurasa ule unawadai shukrani. Umewalaza watoto wenu wengi kuliko mabembelezo yenu.

Na shule je? Siku iliyofuata ule mwayo, mtoto alivaa sare mwenyewe. Mbwa wa fundi pancha akamfuata nyuma, hakuitwa. Wakafika kwenye geti la mbao. Mtoto akasimama. Mbwa hai hakumtazama mbwa wa rangi hata kidogo. Alilinusa geti, akanyanyua mguu, akalikojolea.

"Hapo ndipo nilipoacha kumwogopa," anasema mjukuu. Akapita. Na watoto waliokuwa wanakwenda shule wakakiona kile kioja, wakamzunguka, wakitaka kujua mbwa ni wa nani, kama anauma, anaitwaje. Siku hiyo hakurudi nyumbani peke yake.

Kitabu kilipozoeleka majumbani, muuza mbao mwenyewe alimpigia simu mchoraji. "Njoo umfunge mdomo mbwa wangu," akasema. "Wajukuu zangu wanakataa kunitembelea." Na wengine wakafuata. Kiguu na Njia akawa kiguu na njia zaidi. Mji mzima akauzunguka na msasa na rangi, anafunga midomo aliyoifungua mwenyewe, bila hata kuomba maji ya kunywa. Geti kwa geti. Miaka ikapita, nywele zikageuka, bado anazunguka.

Ikabaki midomo michache. Ukabaki mmoja. Wetu.

Mwenye jengo alikataa. Si mtu mbaya, na najua ananisikiliza, redio ya gari lake haijawahi kuzimwa. Alisema humu ndani mna mitambo, mdomo ubaki. Kiguu na Njia alikuja akaomba. Akakataliwa. Akaja tena. Mlinzi wetu anasema alikuwa akifika hata bila brashi, anasimama mbele ya geti, anamtazama yule mbwa, anaondoka amekunja uso. Mjane alimsihi aache. "Nilimwambia, mume wangu, mjukuu ameshakua, ameshapita mageti yote, huyo mmoja wa nini? Akaniambia, 'Barabara ile nayo ina watoto.'"

Kisha mapafu yakaanza kumsumbua. Miaka yote ile ya kuvuta harufu ya rangi. Akalazwa. Na hata pale kitandani, anasema mjane, miguu ilikuwa inatembea chini ya shuka. Maneno yake ya mwisho kwa mkewe yalikuwa haya. Mke alimwambia, "Tulia sasa, mume wangu. Pumzika." Naye akasema, "Nitatuliaje, na yule wa redioni bado ana mdomo wazi?"

Hakutulia. Alifariki hivyohivyo, hajatulia. Hilo ndilo linalomuuma mjukuu. Jana hakunificha. "Babu yangu ameondoka na deni la mdomo mmoja," alisema, "na mimi ndiye niliyemwambia akaufunge." Ndiyo maana yuko juu ya ngazi. Ndiyo maana na mimi sikai.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mjane, fundi cherehani wetu. Mama, pole sana. Pole kwa binti muuguzi, aliyefika msibani na sare za zamu. Pole kwa mjukuu. Pole kwa fundi pancha, maana naye...

Ngojeni. Honi. Mmeisikia? Hilo ni gari la mwenye jengo. Niliwaambia anasikiliza. Nimesimama, nisameheni, fundi mitambo nyosha waya wa maiki. Mlinzi anakimbilia geti. Binti ameshuka, anavuta ngazi pembeni. Geti letu ni la bati moja, linafunguka kwa ndani, na likifunguka uso wake unageukia dirisha langu. Linafunguka. Linakuja. Naliona.

Mdomo hajaugusa.

Wasikilizaji, hajaugusa. Mbwa ni yuleyule, amekaa kitako, macho ameyafinya, meno yote nje. MBWA MKALI, herufi zilezile za babu yake, wima. Lakini kwenye ile nafasi ya kulia, ile iliyokuwa tupu miaka yote, amekaa mtoto. Mtoto wa kike, magoti yamechubuka, ameegemeza bega kwenye bega la mbwa. Naye amefinya macho. Naye amefungua mdomo wote, mpaka ndani, ulimi umejikunja.

Wanapiga miayo. Yule mbwa tuliyemwogopa miaka yote ana usingizi tu.

Mwenye jengo ameshuka kwenye gari. Anatazama. Mkono ameupeleka mdomoni, nadhani amekasirika... Hapana. Hapana, jamani. Anapiga mwayo. Mlinzi naye, kofia inamdondoka. Binti anawatazama wote wawili, brashi mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja.

Kiguu na Njia, umesikia huko uliko? Mjukuu wako amelipa.

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuwaachia, wasikilizaji. Yamenitoka. Nawaachia haya machache. Jioni ya leo, ukikaa kibarazani kwako, tazama pembeni yako. Kama pana nafasi, yupo mtu ng'ambo ya barabara, mdogo kama panya kwa sababu yuko mbali. Usimngoje akufikie. Mwambie asogee.

Fundi mitambo ananionyesha ishara, nadhani muda umekwisha. Si ishara, wasikilizaji. Ni mwayo. Na mimi sasa unanijia.

Nimekaa.